Code ya mdogo wangu ilikosa mabano, kijiji kikasema mama yetu ni mchawi

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi.

Mimi humu ni msomaji wa kimya kimya. Nasoma nyuzi zenu, nacheka, nalala. Leo nimeamua kuandika kwa sababu kuna kitu kimenikaa kooni na hapa nilipo hakuna wa kumwambia akaelewa pande zote mbili, upande wa kompyuta na upande wa nyumbani.

Nitakachoandika ni kweli mwanzo mwisho. Majina nimebadilisha. Kijiji sikitaji, kiko upande wa Itilima, na kama wewe ni wa huko ukakijua, nakuomba unyamaze.

Halafu mimi ni mwanamke. Nalisema mapema ili mtu asije akaniandikia "mkuu una roho ngumu" halafu baadaye aone aibu.

Wataalamu wa IT mnivumilie, nitaeleza vitu ambavyo kwenu ni vya chekechea. Humu tuko na wafugaji, walimu, manesi, na wale waliofuata umbea tu. Wote nataka waelewe, maana bila kuielewa hiyo code huwezi kuelewa kilichompata mama yangu.

Twende.

Nina stationery ndogo hapa Bariadi mjini. Photocopy, passport size, kuchapa barua za kuomba kazi. Mdogo wangu, tumwite Maduhu, alimaliza diploma ya IT, akazunguka na bahasha mpaka viatu vikaisha, ajira hakuna. Akarudi kijijini kwa mama. Baba alishafariki, na ndugu wa baba walishagawana ng'ombe wake wote kwa mdomo wa "tunamtunzia mjane".

Maduhu hakukaa kuvuta sigara sentani, pale madukani, kama wenzake. Alikuwa anajifunza Python, lugha ya kuandikia program, kwenye simu, na kila akija mjini anakaa kwenye laptop yangu mpaka nafunga duka. Nilijivunia yeye, sitaficha. Wateja nilikuwa nawaambia, huyu mnayemuona hapa ni programmer.

Sasa kijijini kwetu kuna ngitili.

Kwa mliozaliwa Dar: ngitili ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili nyasi zikue, halafu linafunguliwa kiangazi kikikaza, wakati kwingine pamebaki vumbi na miiba. Ni mali ya kijiji. Lina walinzi, lina sheria, na ukiingiza ng'ombe kinyume unalipa faini ya ng'ombe.

Kiangazi hicho ikasikika homa ya mapafu ya ng'ombe, vijiji vya mbele yetu. Daktari wa mifugo akaja kuchanja, lakini dawa ikaisha kabla hajafika hata nusu ya kaya. Akasema wengine wasubiri awamu ya pili, na ambao hawajachanjwa wasichanganyike.

Wazee wakakaa na mtemi wa sungusungu, mkuu wa ulinzi wetu wa jadi, wakaweka sheria ya kuingia ngitili. Naiandika kama ilivyosemwa: aingie ng'ombe wa hapa kijijini, au wa kuwekeshwa, lakini awe amechanjwa.

Wa kuwekeshwa ni nini? Sisi Wasukuma mtu haweki ng'ombe wake wote zizi moja. Anampelekea shemeji wawili, rafiki watatu, dada yake watano. Wewe unaowafuga unakunywa maziwa na kupata samadi, ila ng'ombe bado ni wake. Ugonjwa ukipiga zizi moja, habaki mikono mitupu. Ni bima ya mababu zetu, haijawahi kuhitaji ofisi.

Zizi la mama lilikuwa la kuwekeshwa tupu. Mjomba wetu kutoka Meatu alimhurumia dada yake kubaki mjane bila hata tone la maziwa, akamletea ng'ombe. Walifika baada ya siku ya chanjo, kwa hiyo hawakuwa wamechanjwa.

Nyumba nyingine karibu zote zilikuwa na ng'ombe wao wenyewe, na wa kuwekeshwa mmoja mmoja hapa na pale.

Maduhu akajitolea. Ng'ombe wote wana hereni za namba masikioni. Akapita nyumba kwa nyumba, akaandika kila hereni: wa hapa au siyo, wa kuwekeshwa au siyo, amechanjwa au bado. Akatengeneza program. Mlinzi wa ngitili anaandika namba ya hereni kwenye simu, simu inamjibu kwa herufi kubwa, INGIZA au RUDISHA.

Kijiji kilishangilia. Mtemi mwenyewe alisema sasa hakuna upendeleo, simu haina mjomba.

Moyo wa program ulikuwa huu:

if wa_hapa or wa_kuwekeshwa and amechanjwa:
    print("INGIZA")
else:
    print("RUDISHA")

Isome kwa sauti. Inasomeka vizuri kabisa, siyo? Inafanana na maneno ya wazee. Mimi ningeipitisha, na nadhani wengi wenu humu mngeipitisha.

Mnaikumbuka MAGAZIJUTO ya shule ya msingi? Mabano kwanza, halafu gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ukikuta 2 + 3 x 4, huanzi kujumlisha kwa sababu tu jumlisha imetangulia kuandikwa. Kuzidisha kuna haki ya kwenda kwanza.

Python nayo ina utaratibu wake kwa haya maneno. Inaanza na not, halafu and, or inakuja mwisho. Kwa hiyo ule mstari haikuusoma kama wazee. Iliusoma hivi:

wa_hapa or (wa_kuwekeshwa and amechanjwa)

Yaani: kama ni wa hapa, ingiza. Kama ni wa kuwekeshwa, hapo ndipo uangalie chanjo.

Na kuna kitu kibaya zaidi. Kwenye or, Python ikikuta upande wa kushoto ni True, haisumbuki kusoma mbele. Jibu imeshalipata. Ng'ombe wa hapa akifika, ilikuwa inasema INGIZA bila hata kutupia jicho sehemu ya chanjo.

Maduhu alitest. Aliweka ng'ombe wa hapa aliyechanjwa, INGIZA. Wa kuwekeshwa ambaye hajachanjwa, RUDISHA. Wa kupita kutoka mbali, RUDISHA. Akaridhika. Ng'ombe wa hapa ambaye hajachanjwa hakumjaribu, na hao ndio walikuwa wengi kuliko wote.

Ngitili ikafunguliwa.

Mtaniuliza, wenye ng'ombe ambao hawajachanjwa hawakushtuka? Walishtuka. Baadhi walimuuliza mlinzi. Lakini jamani, una ng'ombe mbavu zinahesabika, umesimama mbele ya nyasi za magotini, simu inakwambia INGIZA. Nani atageuza? Wakasemezana kwamba Maduhu lazima ana taarifa kutoka kwa daktari, hatari imepita.

Mama akafika na ng'ombe wa mjomba. RUDISHA. Wa pili, RUDISHA. Wote.

Walinzi wakacheka, wakamwambia, "Mayu, mwanao amekukataa."

Mama akawageuza ng'ombe wake akarudi nao nyumbani. Akawa anawakatia mabua ya mtama na kuwachotea maji kwenye kisima cha kuchimba mtoni. Na akajisifu. Hilo ndilo linaniuma. Kisimani, kanisani, kila mahali alikuwa anasema kijana wake hapendelei, hata mama yake mzazi alimrudisha.

Ng'ombe wa kwanza kukohoa alikuwa wa jirani yetu, Mzee Lutonja.

Huyu mzee nimweleze. Ni rafiki wa baba tangu ujana wao. Baba alipofariki, Lutonja ndiye aliyeanza kuchimba kaburi, kabla hata ndugu wa damu hawajafika. Nikienda kijijini nilikuwa naanza kwake kabla ya kwa mama. Msimchukie mapema.

Kama hujawahi kuona ng'ombe mwenye homa ya mapafu, shukuru Mungu. Anasimama amenyoosha shingo mbele, viwiko amevitanua, anatafuta pumzi. Halali. Anakutazama tu. Unamletea maji hanywi.

Wakaanza kufa. Zizi kwa zizi. Waliochanjwa wengi walisalimika lakini walikuwa wachache. Kuna kaya iliamka na mazizi mawili, ikabaki na mbuzi. Mzee Lutonja alikuwa ametenga ng'ombe wa mahari ya mtoto wake, wote wakaenda, na ule uchumba ukafa nao. Kijiji kizima kilinuka, na mbwa walinenepa.

Zizi la mama halikupoteza hata ndama.

Mnaona inakoelekea.

Mwanzoni ilikuwa minong'ono. Halafu mama akisalimia "mwadila", watu wanaitikia wakiangalia chini. Halafu ukoo mmoja ukachanga, wakaenda kwa mganga. Huyo akachinja kuku, akasoma matumbo yake, akawaambia: aliyewamaliza ni yule ambaye zizi lake limejaa.

Mganga naye ana if statement yake. Condition moja tu, na kijijini yuko mtu mmoja tu wa kuitimiza.

Wakaanza kuunganisha. Mtoto ndiye aliyetengeneza simu. Simu ikawaingiza wetu wakafe, ikawarudisha wa mama yake wapone. Na mama mwenyewe alikuwa anajisifu kisimani! Ukichukua hayo bila kujua code, mimi mwenyewe ningejiuliza.

Msio wa huku lazima niwaambie wazi. Mama yangu ana macho mekundu. Amepikia kuni na samadi kavu tangu akiwa binti, kwenye jiko lisilo na dirisha. Kwetu bibi mwenye macho mekundu akinyooshewa kidole, watu hawasubiri mahakama. Tumeshazika wengi waliokatwa mapanga. Kwa hiyo mkiona naandika kwa hasira, ni kwa sababu nilikuwa najua nasubiri simu gani.

Nilienda kumchukua. Akakataa katakata.

"Ng'wana wane, mwanangu, nikiondoka leo nitakuwa nimekiri. Wataniua huko huko nilipo, na nyie watoto mtaitwa watoto wa mchawi."

Taarifa nilitoa kunakohusika, nikapewa namba ya kupiga mtu akitishia. Lakini mtu wa huku akija na panga hatishii kwanza.

Maduhu alikuja dukani kwangu akiwa hali wala haongei. Akafungua laptop, akaandika hereni ya ng'ombe mmoja wa Lutonja aliyekufa. INGIZA. Akaandika ya mwingine. INGIZA. Akakaa anaangalia ule mstari wa if kwa muda mrefu, halafu akaweka mabano mawili:

if (wa_hapa or wa_kuwekeshwa) and amechanjwa:

Akaandika tena zile hereni. RUDISHA. RUDISHA. RUDISHA.

Alilia mpaka wateja wakatoka. Mimi nikafunga duka, nikamwambia hebu nieleze, nieleze kama mtu asiyejua lolote, maana sijui lolote. Alinieleza mara nyingi kabla sijaelewa. And, or, True, False, nikawa nachanganya. Nilipoelewa nilielewa kwa njia yangu, kwa picha ya mazizi, na hapo nikaona upenyo. Kama mimi nimeelewa, na kijiji kitaelewa. Wakijua kwamba ni kosa la kuandika, mama atapona.

Nilikuwa na uhakika kabisa, wakuu.

Mtendaji wa kijiji ni mtu wa Mbeya, kijana mwelewa, akakubali kuitisha mkutano na kuweka mgambo. Mtemi wa sungusungu naye akakubali. Mama aliletwa akakaa chini mbele, peke yake, kanga mpya kajitanda, kama mtu anayekwenda kanisani.

Maduhu akasimama kwanza. Maskini mdogo wangu. Akaanza na operator precedence, akaja Boolean, watu wakaanza kuguna. Mmoja akapaza sauti kwamba anatusomea dawa. Nikaona tunakwisha.

Nikasimama. Mwanamke, kwenye mkutano wa sungusungu, bila kuitwa. Mtemi akanitazama, akanyamaza, nikahesabu hiyo kuwa ruhusa.

Nikachukua fimbo, nikachora zizi kwenye vumbi.

Nikawaambia: or ni zizi lenye malango mawili, moja huku moja kule. Ng'ombe akipita lolote, yumo ndani. And ni njia yenye malango mawili yaliyofuatana. Akipita la kwanza lazima apite na la pili, moja likifungwa habari imeisha.

Wafugaji wale! Sikuhitaji kurudia. Wazee walisogeza viti.

Nikachora walivyotaka wao. Malango mawili upande wa nje, la wa hapa na la wa kuwekeshwa. Njia zao zinakutana, halafu mbele kuna lango moja la chanjo ambalo kila mtu lazima apite. Nikauliza, sheria yenu si hii? Wakasema ndiyo hii.

Halafu nikachora pembeni alivyochora Maduhu bila kujua. Malango mawili vilevile, lakini lango la chanjo limesogea, limekaa kwenye njia ya wa kuwekeshwa peke yake. Njia ya wa hapa inaingia moja kwa moja ndani, haina lango la pili.

Mzee mmoja akainuka, akafuata michoro kwa fimbo yake, njia hii, njia ile. Akasema kwa Kisukuma kwamba kijana kasahau lango. Wengine wakaitikia, kasahau lango, kasahau lango. Niliona nyuso zinalegea. Nikamwangalia mama, naye ananiangalia. Nilidhani tumeshinda.

Mzee Lutonja akanyanyua mkono.

"Binti yangu, umeeleza vizuri. Mimi sijui kusoma, lakini hilo lango nimeliona. Nakubali, simu ilikosea kwa sababu kijana alikosea. Nina swali moja. Njia zilikuwa mbili. Kwa nini lango likaenda kukaa kwenye njia ya mama yako, halikukaa kwenye njia yangu?"

Ningekaa kimya. Ningesema sijui. Lakini nilikuwa nimeshaielewa code na kichwa kimenipanda, nikamjibu ukweli. Nikamwambia, ni vile Maduhu alivyotanguliza neno "wa hapa". Angetanguliza "wa kuwekeshwa", lango lingekaa kwenye njia yako, ng'ombe wako wangepona, na wa mama ndio wangeingia.

Lutonja akatikisa kichwa taratibu.

"Kwa hiyo ni neno lipi lilitangulia tu."

"Ndiyo, baba."

"Na siku hiyo nani alimshika mkono akatanguliza letu?"

Wakuu, hakusema kwa ubaya. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. Alikuwa anataka kweli kujua. Namna walivyokufa tulishamweleza, yeye aliuliza kwa nini wake. Nilisimama pale na fimbo yangu, na Python yote niliyofundishwa haina jibu la hapo. Maduhu aliinama. Mtendaji akasema ni bahati mbaya, na ile "bahati mbaya" ilianguka pale chini hata kuku asiidonoe.

Mtemi akatoa uamuzi. Mama asiguswe. Atakayemgusa atalipa ng'ombe na kufukuzwa kijijini. Kosa ni la kijana, na kijana ameomba msamaha. Mkutano umefungwa.

Hakuna aliyemgusa, na hilo neno walilitimiza. Wala hakuna aliyepita kwake kuomba chumvi. Alipokwenda msibani, wanawake walihama jiko. Alichota maji, waliofuata wakayachota yaliyobaki wakayamwaga, wakasubiri maji mapya yajae kisimani. Mtoto wa jirani aliyekuwa anamsaidia kupura mtama akaitwa nyumbani na hakurudi.

Halafu akaja mjomba kutoka Meatu. Tukadhani amekuja kusimama na dada yake. Alikunywa uji, akauliza hali, akafungua zizi akawaswaga ng'ombe wake wote. Alisema huko kwake malisho yamekuwa mazuri. Hakumtazama dada yake machoni.

Mama alisimama kwenye zizi tupu mpaka jua likawa kali. Alipotoka ndipo akanipigia, akasema njoo unichukue.

Sasa yuko kwangu, hapa mjini, chumba kimoja na sebule. Maduhu yuko machimboni Geita. Anatuma salamu, lakini nikimtajia kompyuta anakata simu.

Somo? Yapo ya aina mbili.

La code ni rahisi. Ukichanganya and na or kwenye mstari mmoja, weka mabano, hata kama unajua Python itasomaje. Mabano ni bure. Na ukitest, usijaribu zile hali unazozifikiria wewe tu. Chora jedwali, kila True na kila False, mchanganyiko mmoja mmoja mpaka uishe, hasa ule unaoona hauna haja. Huo ndio ungemuokoa kijana mmoja ninayemjua.

La pili sijui niliiteje.

Juzi nimerudi kutoka dukani, mama amekaa sakafuni anachambua karanga. Akaniambia, nichoree tena yale malango. Nikachukua chaki, nikamchorea kwenye sakafu, la wazee na la Maduhu. Akafuata kwa kidole, polepole, njia ya kwanza, njia ya pili. Akasema ameelewa. Na ameelewa kweli, maana alinionyesha mwenyewe mabano yalipotakiwa kukaa.

Halafu akasema, "Lakini Lutonja aliuliza vizuri."

Nikamwambia mama, achana na hayo.

"Siku Maduhu anaandika nilikuwa nimekaa ubavuni pake. Nilikuwa naomba moyoni. Naomba ng'ombe wa kaka yangu wasife mikononi mwangu, nitamjibu nini. Wengine sikuwataja. Niliomba wangu tu." Akapepeta karanga zake. "Labda ni mimi, ng'wana wane. Labda ndivyo uchawi unavyokuwa, mtu hajui."

Nilimsaidia kuokota maganda.

Wakuu, wa IT mtanisahihisha code, nitashukuru. Wa kutukana Wasukuma, kuna nyuzi zenu nyingine, hapa piteni tu. Ila kama humu kuna mtu mzima, mchungaji, shehe, mwalimu, mtu yeyote aliyewahi kuulizwa swali la namna hii na mama yake, aniandikie hapo chini alijibu nini. Tangu juzi ameacha kusali, anasema anaogopa kuomba kitu.